Moshi Uende Nyuma

Watu huniambia nimezidi hasira, kwamba mambo ya mwaka elfu mbili na saba yalishapita na nyumba yenyewe ilishauzwa. Yamepita kwao. Mimi ndiye niliyetoboa ule ukuta.

Nyumba ilikuwa Kiamunyi, mpya, ya ghorofa moja, na mwenyewe alikuwa mkubwa wa ofisi aliyekaribia kustaafu. Dada yake aliyeko Amerika alikuwa amemtumia mtambo wa kuchemsha maji kwa gesi. Sikuwa nimewahi kuugusa mtambo wa aina hiyo. Ulikuwa pipa refu jeupe lenye feni kichwani. Hauhitaji chimni: gesi ikiwaka chini, feni inausukuma moshi kwenye bomba la plastiki mpaka nje ya ukuta. Nilikaa na kijitabu chake siku mbili. Nikatafuta mtu wa kubadilisha pua ya gesi ikubaliane na mitungi yetu, nikafunga kisanduku cha kupunguza nguvu za stima ili feni isiungue. Niliionea fahari kazi ile, sitadanganya.

Kijitabu kilisisitiza jambo moja kwa herufi nzito: mdomo wa bomba ukae mbali na dirisha lolote. Moshi ule hauonekani wala hauna harufu ya kukuonya, ila ukiuvuta kwa muda unaumwa na kichwa, na ukizidi unakufa. Stoo ya mtambo ilikuwa chumba chembamba ubavuni mwa nyumba, ukuta mmoja mbele, mwingine nyuma. Mbele palikuwa na uwanja mpana unaopigwa na upepo. Nyuma palikuwa na ujia mwembamba, na ng'ambo ya ujia, hatua moja tu, dirisha la chumba cha msichana wa kazi.

Nilichora alama yangu ukuta wa mbele. Mwenye nyumba akaitazama kana kwamba nimemwandikia tusi. Ukuta ule ulikuwa umebandikwa mawe ya kuchonga, na mwezi wa Agosti kungekuwa na maombi ya kufungua nyumba, wageni wa kanisa na wakubwa wa kazini.

"Fundi, wageni wangu waingie wakiangalia paipu? Peleka huko nyuma."

"Mzee, huko nyuma kuna mtu analala."

"Huyo anaamka saa kumi na moja. Analala saa ngapi ndio moshi imfikie?"

Alicheka. Nikacheka pia, Mungu anisamehe, kisha nikatoboa nyuma.

Oktoba niliitwa kurekebisha sinki. Yule msichana wa kazi, ambaye kwa kweli alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini mwenye watoto wawili waliobaki kwa mama yake, alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa kukikaza sana. Aliniambia kila asubuhi anaamka kichwa kinamgonga na roho inamchafuka. Madam, mke wa mwenye nyumba, alikuwa ameshalimaliza jambo hilo. Huku kwetu sote tumelelewa kwa onyo moja: usilale na jiko la makaa chumbani, na ukisikia kizunguzungu fungua dirisha. Kwa hiyo madam aliamua kuwa huyu anawasha jiko kisirisiri kwa sababu ya baridi. Alipekua chumba, akalikosa jiko, akasema limefichwa. Akaamuru dirisha lisifungwe tena, usiku wala mchana. Upuuzi mtupu! Sumu ilikuwa inaingilia hapo hapo.

Nilimwendea mwenye nyumba nikamweleza. Akasema tutaangalia baada ya uchaguzi. Mwaka ule kila kitu kilikuwa baada ya uchaguzi. Nikarudi jikoni nikamwambia yule dada wa kazi, "Dirisha funga. Madam akiuliza, sema vumbi inaingia." Hakuniuliza kwa nini, nami sikumweleza, kwa sababu angemwambia madam, na ningekosa kazi katika nyumba zote za mtaa ule. Nikaenda zangu nikijiona mtu mwema.

Uchaguzi ukaja, na baada yake dunia ikachafuka. Watu walikimbia mashamba yao. Mama yake mwenye nyumba aliletwa kutoka upande wa Molo akiwa na nguo alizovaa tu. Vyumba vya juu vilikuwa vimejaa jamaa, na magoti yake hayakuweza ngazi, basi akapewa chumba cha nyuma. Yule dada akahamishiwa sakafu ya jikoni. Asubuhi ya tatu nyanya yule alitapika akashindwa kusimama. Simu yangu ililia kabla sijanywa chai.

"Fundi, kuja sasa hivi. Hiyo paipu yako inaniulia mama."

Paipu yangu! Hakutaja jiko. Hakusema dirisha lifunguliwe. Alijua, tangu Oktoba alijua. Nilitembea kutoka mjini hadi Kiamunyi, barabara imejaa mawe na matairi yaliyoungua, nikiongea peke yangu na kupanga matusi nitakayomtupia. Nilimkuta ameshazima mtambo. Nyanya alikuwa ameketi nje amejifunika blanketi, amepata nafuu. Mwenye nyumba alinishikia bomba kwa mikono yake mwenyewe. Mawe manne ya kuchonga yalipasuka, akayasukuma kando kwa mguu. Kufikia saa sita bomba lilikuwa limetokea mbele, jeupe, kila mgeni alione, na shimo la nyuma nimeliziba kwa simiti. Asubuhi moja tu. Aliniita ndugu yangu, na matusi yangu yote nikayameza.

Nilikuwa nanawa mikono kule ujiani yule dada alipokuja na beseni la nguo. Aliiangalia simiti mbichi, akageuka akaliangalia dirisha lake.

"Kumbe ni hii ilikuwa inaniumiza?" aliuliza. "Mimi nilienda mpaka kuombewa. Niliambia mama yangu nikikufa akae na watoto."

Nilimwambia pole.

"Ile siku uliniambia nifunge dirisha," akasema, "ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilijua.