Mama na neno masaji

Leo mama amelitamka jina la kazi yangu kwa mara ya kwanza.

Tangu nilipomwambia nafanya masaji, hakuwahi kuniuliza habari za kazini. Kwake neno lile lilikuwa la aibu.

Asubuhi bega lilimkaza, akashindwa kukanda unga wa chapati. Nikampaka mafuta, nikaanza kumchua taratibu.

"Hii ndiyo masaji yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona ni kukanda tu? Bibi yako aliwakanda wanawake waliojifungua kijiji kizima."

Nikamwambia tulifundishwa chuoni kwamba hata asili ya neno masaji huenda ni kukanda unga.

Akanisogezea na bega la pili.

Mchana jirani akaja anachechemea. Mama akamvutia kiti. "Kaa hapa. Mwanangu anakanda watu."

Nikaenda kuchukua mafuta. Ninyi kazi zenu nyumbani wanaziitaje?