Nilitengeneza kondensa ya methanoli Kisauni, hadi leo naitwa mpika piwa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Leo naandika na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Nitakayoyasema ni kweli tupu, wallahi. Anayetaka kunibishia aje Kisauni tuulizane mbele za watu.

Juzi nilikwenda harusini huko Mjambere. Nimekaa zangu jamvini nangoja pilau, nikamsikia kijana mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Yule mzee ndiye alokuwa mpika piwa. Piwa yake ndiyo ilompofusha Katana."

Pilau ikanishinda. Nikachukua viatu vyangu nikaondoka.

Wa bara msiojua, kwa lugha ya huku kwetu piwa ndiyo chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Mimi sijaionja tangu nizaliwe, sembuse kuipika! Halafu mtoto aliyezaliwa juzi ndiye wa kunisimulia maisha yangu?

Basi hebu niieleze yote leo, nipumue.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa fundi wa friji, nakaa Frere Town. Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa na kinu cha kusaga mahindi huku ndani Kisauni. Mtaa sitautaja, watu wake wengine wangali hai.

Kinu kile kilikuwa cha injini ya dizeli. Dizeli ikipanda, kinu kinasimama. Kikisimama, nyumba nzima ya ami inakunywa chai mkandaa, isiyo na maziwa, na kulala.

Sasa kulikuwa na mhandisi mmoja wa meli, meli yake ilikuwa imekwama bandarini Kipevu kwa matengenezo. Nilimtengenezea friji yake tukawa marafiki. Siku moja namlalamikia habari ya dizeli, akaniambia, mbona mafuta mliyokwisha kukaangia mnayamwaga? Hayo ni dizeli, hamjui tu.

Nikadhani ananichezea. Akanionyesha.

Kwa ufupi: unayachukua mafuta ya kukaangia viazi karai na bhajia, unayachuja kwa kitambaa, unayapasha. Unachanganya na methanoli, ile spiriti ya viwandani, iliyokorogwa na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ukiacha itulie, juu inakaa dizeli, chini inakaa glisirini nyeusi kama asali iliyoungua.

Akina mama wa viazi karai walikuwa wakinipa mafuta yao huku wakinicheka. "Fundi, utakula chapati ngapi wewe?"

Tukatia kwenye injini ya ami. Ikanguruma! Moshi wake ukanuka viazi. Ami alicheka mpaka akakaa chini.

Shida ilikuwa methanoli. Niliinunua Changamwe kwenye godauni la kemikali, na ilikuwa ghali. Na nyingi ilikuwa inabaki ndani ya ile glisirini, inapotea bure. Mhandisi akasema, ipashe uitoe mvuke, uupoze, utaipata tena.

Kupoza mvuke? Hiyo si ndiyo kazi yangu? Kondensa ndiyo ugali wangu wa kila siku.

Nikatafuta paipu ya shaba kutoka friji mbovu. Nikaijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha zote mbili, ndipo nikaizungusha kwenye mtungi wa gesi ikawa koili. Wanaotaka kujaribu mkumbuke huo mchanga. Bila mchanga paipu inakunjika na koili lako ni taka.

Koili nikaliweka hapo kinuni kwa ami, ndani ya pipa la maji ya kisima. Mwanzo nilibana maungio kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, methanoli ikautafuna. Nikachomelea kwa shaba. Pipa la glisirini sikuliwekea moto wa kuni, nililikalisha ndani ya maji moto yaliyochemshwa mbali kule, kwa sababu mvuke ule ukikutana na ndimi za moto utaokotwa vipande.

Siku tone la kwanza lilipodondoka kwenye jerikeni, nilipiga kelele kama nimefunga goli. Maji meupe, safi, yananuka kama spiriti.

Sasa wakuu, hebu liwazeni hilo dude. Pipa linapashwa. Paipu ya shaba. Koili ndani ya maji baridi. Jerikeni chini, linadondokewa na kitu cheupe.

Mmeshaona ninakokwenda? Kila mtu mtaa ule aliona mtambo wa piwa.

Walianza kuja na vikombe. Seremala mmoja, mtu mzima kabisa, alikuja na glasi yake ameiosha, akaniambia kwa adabu, "Fundi, nionjeshe."

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini hapa hakunywewi kitu. Hii ni sumu."

Akanikonyeza. Mzee wa watu akanikonyeza! "Marahaba mwanangu. Ntarudi wakiondoka watu."

Nikaona heri niandike. Nikachukua rangi nyekundu, nikaandika kwenye jerikeni kwa herufi kubwa: SUMU. Nikachora na fuvu la kichwa na mifupa miwili, anayejua kusoma na asiyejua wote waelewe.

Basi ndiyo wakazidi! Naapa. Tangu siku ile vikombe viliongezeka. Sikuelewa kitu. Niliwafukuza kwa matusi, ami akawa ananiambia taratibu, fundi, hao ni wateja wa kinu.

Siku moja baada ya adhuhuri wakaja askari. Kiongozi wao mtu wa tumbo kubwa, na nyuma yake wawili. Mmoja wao alikuwa Katana.

Katana tulijuana. Mkewe alikuwa akileta mahindi kusaga kwa ami, na yeye mwenyewe akipita jioni hapiti bila kusalimia. Hakuwa mtu mbaya. Naomba mlishike hilo.

Yule mwenye tumbo hakuuliza lolote. "Fungeni mtambo, fungeni na mwenyewe."

Ami akawaambia, wanangu, subirini. Akatia dizeli yetu kwenye injini, akaiwasha mbele yao, ikanguruma. "Mwaona? Ni mafuta haya. Mimi mtu wa msikitini, ntapika piwa hapa?"

Yule bwana akasema, "Mzee, utayaeleza kortini."

Katana akainama kulibeba jerikeni. Hapo nikasahau pingu walizokwisha kunitia, nikamfuata. "Katana, sikiliza. Hii si piwa. Hii inapofusha, inaua. Ni sumu."

Akatabasamu, akanigonga bega kwa upole. "Nishasoma, ndugu yangu."

Mpaka leo nikilala naisikia hiyo sentensi.

Nikapelekwa ndani. Asubuhi nikatolewa, naulizia kesi yangu, naambiwa hakuna ushahidi, nenda nyumbani ukamshukuru Mungu.

"Hakuna ushahidi vipi? Jerikeni liko wapi?"

Askari wa zamu akaangalia dari.

Wakuu, hapo nikaelewa. Kila mtu Kisauni alijua ushahidi wa piwa hulala wapi. Haulali stoo. Unalala matumboni mwa waliokamata! Ndiyo ilikuwa desturi, na wakubwa walijua, na wakubwa walinyamaza kwa sababu nao walikuwa wanatumiwa chupa zao.

Nilikimbia mpaka kwa Katana. Nikamkuta kitandani, mkewe anampepea. Ametapika usiku kucha wakidhani ni ulevi. Macho yake wazi, ananitazama lakini hanioni.

"Nani huyo?" akauliza. "Mbona leo kuna ukungu mweupe hivi, hata ndani?"

Tulimbeba kwenye mkokoteni wa kinu mpaka barabarani, tukapata pikapu ya kumfikisha hospitali. Nikawaambia madaktari kila kitu nilichokijua, jina la kemikali na yote. Walipambana wakamuokoa roho. Macho hayakurudi.

Yule wa tumbo alikuwa ameonja tu, akatapika, akapona. Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Fundi ametutilia sumu."

Ametutilia! Aibu haina mwenyewe.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Watu wamejaa uwanjani, wengine ni walewale wa vikombe, sasa wananinyooshea vidole. Mama mmoja muuza piwa, anayejulikana na kila mtu, alisimama akasema watu kama mimi ndio wanaoharibu biashara. Nikataka kumrukia, ami akanishika kanzu.

Katana akaletwa, ameshikwa mkono na mkewe. Mzee wa mtaa akamuuliza mbele ya wote, "Katana, huyu fundi alikwambia kuwa ile ni sumu?"

"Aliniambia."

"Na jerikeni lilikuwa limeandikwa?"

"Lilikuwa limeandikwa SUMU, na fuvu limechorwa."

"Sasa mbona ukanywa?"

Katana akageuza uso, akawa anatafuta sauti ilikotoka. Akasema, "Mzee, piwa nzuri yote hapa mtaani huandikwa SUMU. Ile mbovu, ya kutiwa maji, ndiyo haiandikwi. Nilipoona na fuvu, nikajua hii ndiyo yenyewe. Ndiyo sababu nikaichukua."

Yule mama muuza piwa akakaa chini.

Kumbe! Wapikaji wa mtaa ule walikuwa wakiandika SUMU kwenye mitungi yao kudanganya watoto na wageni wasiiguse. Wenyeji wote walijua kuwa maana yake ni mali safi. Mimi wa Frere Town sikujua. Walilichukua neno linaloweza kumuokoa mtu roho wakaligeuza kuwa tangazo la pombe, halafu siku sumu ya kweli ilipokuja hakukuwa na neno lililobaki.

Ile kondensa niliikatakata mwenyewe. Kinu cha ami kikarudia dizeli ya kununua, kisha kikafa. Katana aliishi, akasokota kamba za makumbi ya nazi kwa mikono mpaka akazeeka, na nilikuwa nikenda kukaa naye. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Wenye macho yao ndio wanaonilaumu.

Nililojifunza ni kwamba kujua kutengeneza kitu hakutoshi. Kwanza ujue hapo ulipo watu wanakiitaje, na maneno yao wanayatumiaje.

Na wewe kijana wa harusini, kama uko humu, nakungoja ujibu.

Wengine nawauliza swali moja tu, na msinijibu kwa mzaha, kwa sababu nimelizungusha kichwani miaka yote hii sijapata jibu.

Kwenye lile jerikeni, nyinyi mngeandika nini?