Kuni za Kuuaga Ukumbi

Wiki nzima Mama Kyakimwa hakutulia. Anabandika sufuria, anatoka. Anafika kwenye ukumbi wa zamani wa michezo ya kuigiza, anashika mlango, anarudi kukuta maharagwe yameungua. Jumatatu ukumbi ungevunjwa, yajengwe maduka. Butembo, huku mashariki mwa Kongo, ni mji wa biashara. Ukisinzia barabarani, utaamka umewekewa duka kifuani.

Ukumbini humo alikuwa ameigiza tangu usichana, karibu kila mara mfiwa, na kwa kulia hakuwa na mpinzani. Siku moja mazoezini alilia hata majirani wakaja mbio, kila mtu na kuni begani, kama desturi inavyotaka kwa wenye msiba. Walipokuta ni mchezo walicheka wakashika mbavu, kisha kila mtu akabeba kuni zake akarudi kwake. Baadaye vita vya upande wa Beni, mji jirani, vilileta vilio vya kweli. Nani tena angekuja kutazama vya kuigiza? Ukumbi ukafungwa.

Maduka hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni ukumbi kwenda bila mtu hata mmoja kuuaga.

"Nitaulilia," alimwambia binti yake Mariette.

"Mama, hapana kulia bila mufu, utaita kifo! Na batu benye balifiwa kweli, batasema nini?"

Kyakimwa aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini Jumamosi asubuhi miguu ilimpeleka. Alipanda jukwaani akafungua mdomo ili aigize, na kilio kilichotoka kilikuwa chake mwenyewe.

Majirani wakaja na kuni.

"Nani alikufa?" aliuliza Kamate, seremala mzee aliyelijenga jukwaa lile.

"Ni salle yetu, papa, huu ukumbi. Lundi, kesho kutwa, banaivunja. Nilikataa iende bila batu."

"Unatuchezea tena?" alifoka mama mmoja, Kavugho. "Mimi nilizika kaka yangu kule Beni, na wewe unalilia nyumba?"

Kyakimwa aliinamisha kichwa. Aibu ilimchoma.

Kamate alipapasa mbao za jukwaa kwa kiganja. Akatoka, akatua kuni zake uani, akawasha moto, akaketi. "Mimi pia niko mufiwa," alisema.

Kavugho alisogea motoni. "Kaka yangu, njo yeye alikuwa ananileta hapa," akasema polepole, akafuta macho. "Mama Kyakimwa, ule wimbo wa mufiwa, ungali unaujua?"

Aliuimba, wakaitikia. Walipotawanyika, hakuna aliyerudi na kuni zake.