Muguu wa Kushoto wa Mama

Miaka ya sabini, kule Nchelenge, mama alizaa mutoto wa mwisho, akalazwa ndani siku nyingi bila kutoka, kufuata desturi yetu. Muguu wake wa kushoto ukavimba na kuwa moto. Wa kulia ulibaki muzima. Watu wakasema amekanyaga dawa ya uchawi njiani. Njia gani, niliuliza kwa hasira, na mama hajatoka nje? Mama mukubwa, dada yake, aliukanda kwa mafuta ya samaki, mama akilia aachwe. Gafula akashika kifua, pumzi ikakatika.

Nikiwa mutu muzima, daktari alinieleza: damu iliganda muguuni, na kukanda kunaweza kuisukuma mpaka kwenye mapafu.

Mama mukubwa bado anajisifu, “Nilimukanda mpaka mwisho.”