Zamu za Kumpikia Bibi wa Mikeka

Watu wa siku hizi wakinisikia nikisema mtaa wetu wa Mwanza ulikuwa na zamu za kumpikia jirani mgonjwa, hunitazama kwa upole na kusema, "Enzi hizo watu walipendana." Lakini zamu zile nilikuwamo, na leo nitasema zilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa nikitokea Misungwi, binti wa Kisukuma aliyeingia nyumba ya Waislamu wa mjini, nikijifunza adabu za watu kwa kukemewa. Adabu ya kwanza aliyonifunza mama mkwe ilikuwa ya vyombo. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Unatia ndimu mbili, konzi ya karanga, hata chumvi kidogo, ndipo unakirudisha. Anayerudisha chombo kitupu hakufunzwa kwao, alisema, akinitazama mimi.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa bibi mmoja, mjane kutoka Ukerewe, msukaji wa mikeka. Karibu kila nyumba ya mtaa ililalia mkeka wake. Mwanawe wa pekee alikuwa kibarua huko Kisumu, na habari zake zilikuja kwa nadra. Bibi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na mkono wa kusukia ukawa wa kubebwa na mwenzake.

Tukakutana wanawake wa nyumba nne, tukaamua kupokezana: leo nyumba hii ipike, kesho ile, hadi mzunguko uishe na kuanza upya. Mke wa fundi cherehani ndiye aliyetangulia, nyumba yetu ikimfuata. Tulipika vizuri, hilo silikatai. Asubuhi uji na kitafunwa, mchana ugali wa muhogo na sato, au maharage ya karanga. Mimi nilifunika bakuli kwa kawa nikapita nalo polepole kuliko ilivyohitajika, ili waliokaa barazani wanione. Mzee mmoja aliniambia pepo naiona hivi hivi, nami nikaamini.

Bibi akawa anarudisha vyombo vimeoshwa, sijui alivioshaje kwa mkono mmoja, na ndani mna kitu. Wiki za mwanzo zilikuwa ndimu za uani kwake. Ndimu zilipokwisha zikaja dagaa kavu, kisha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mama mkwe alimsifu sana. "Huyo ndiye muungwana. Ugonjwa haujamwondolea adabu." Tukala dagaa, tukala michembe. Hakuna aliyejiuliza mwanamke asiyeweza kufika sokoni anatoa wapi vitu hivyo.

Asubuhi moja nilipeleka uji kwake, nikachukua bakuli letu la zamu iliyopita. Nilipofika nyumbani nikalifunua: mna vitumbua viwili. Nilivitambua papo hapo. Kikaango cha mke wa fundi kilikuwa na shimo moja lililopasuka, na kila kitumbua kilichotoka humo kilikuwa na kovu ubavuni. Vilikuwa vitumbua vyake vya jana, alivyompelekea bibi.

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na pale mtaani sikuwa na jambo la kuwachekesha watu ila hilo. Nikalipeleka bombani, tulikokuwa tukichota maji. Nikawasimulia jinsi vitumbua vya fundi vilivyotembea mtaa mzima na kuishia kwangu, nikaigiza na namna kitumbua kinavyobisha hodi. Wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Mke wa fundi hakucheka.

"Kumbe vitumbua vyangu havimpiti kooni," alisema. "Naamka alfajiri kumpikia mtu, yeye anavigawa!"

Ndipo wengine nao wakakumbuka. Mmoja akasema zile dagaa alizorudishiwa alizifananisha na za nyumba ya pili. Mwingine akasema basi hata michembe aliyorudishiwa yeye ilikuwa ile niliyompelekea bibi mimi, kutoka kwetu Misungwi. Ulimi hauna mfupa, na zetu siku ile zilifanya kazi. Kabla ndoo hazijajaa, bibi alikuwa mwenye maringo, ameshiba hadi anachagua chakula. Mke wa fundi akaacha zamu yake wiki ile ile. Wa pili akafuata. Mama mkwe akasema, "Na sisi tupumzike. Mwenye njaa ataita."

Hakuita.

Siku kadhaa baadaye nilikwenda kumwona, nikiwa na kikombe cha uji nilichokificha ndani ya khanga. Nilimkuta ameegemea ukuta, macho yameingia ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu." Akakitazama kikombe wala hakukipokea. "Rudi nacho. Sina cha kukutilia."

Nikamwambia sitaki kitu, anywe tu.

"Chombo cha watu nitakirudishaje kitupu? Nilikuwa nakula nusu, nusu namtilia mwenzako. Sasa hamleti, nusu nitaipata wapi?" Alisema bila hasira, kama anayemweleza mtoto jinsi ya kuanza kusuka ukindu wa mkeka.

Nilimshika kidevu nikamnywesha kwa nguvu. Nikatoka pale nikijua kila kitu. Nilijua kwamba tulikuwa tukimlisha nusu tumbo na kumla nusu ya pili, sisi wenye sufuria zilizojaa. Kazi yangu ilikuwa moja: kwenda bombani na kusema, "Jamani, nilikosea." Nilikwenda. Nikakinga ndoo, nikasubiri wanyamaze, wakanyamaza, nikauliza kama mvua itanyesha. Niliogopa kuchekwa mimi. Niliogopa mke wa fundi, niliogopa mama mkwe kujua nilitoka na uji wake. Ulimi uliokuwa mwepesi kwa kovu la kitumbua ukawa mzito kwa uhai wa mtu.

Nilimpelekea uji mara mbili nyingine kwa siri. Kisha zikaja mvua za mwaka wa uhuru, ambazo waliozishuhudia hawazisahau. Ziwa lilipanda, vichochoro vikawa mito. Nilijiambia mvua ikikatika nitakwenda. Ilipokatika, aliyekwenda kwanza alikuwa mama mkwe, na alirudi amefunika mdomo kwa khanga.

Wanawake waliomwosha walisema alikuwa mwepesi. Hakuna aliyetaja njaa. Walisema umri, walisema ugonjwa, walisema siku zake zilikuwa zimefika.

Matangani mtaa ulijitokeza, wee! Walichinjwa mbuzi, likapikwa pilau katika masufuria ya kuazima, na zamu za kupika zikapangwa upya bila mtu kuvutana. Siku ya tatu mwanawe akashuka kwenye meli ya Kisumu. Alitupitia mmoja mmoja pale jikoni, mwanamume mzima akilia, akitushika mikono yenye mafuta.

"Mama zangu, nimeambiwa mlivyompikia mama yangu zamu kwa zamu. Mungu awalipe mlichomtendea."

Wenzangu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, tena kwa sauti.