Ville morte, kama ilivyofafanuliwa kwetu

Nimeishi Kalemie, Lubumbashi na Kigoma, na kila ninapokaa hupata mtu wa kunifundisha maana ya ville morte. Namwacha amalize. Kisha namweleza jinsi neno hilo lilivyofafanuliwa mezani kwetu Bukavu, wakati wa vita.

Baba alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari, na mwalimu wa Kilatini. Jioni moja habari ilipita mdomo kwa mdomo: kesho ville morte. Hakuna soko, hakuna shule, ili waasi walioshika mji wajue hatuwataki. Haikupita saa, afisa wao akamletea baba amri: kengele ya shule ilie asubuhi, la sivyo kazi imekwisha.

"Lakini ville morte njo nini, Papa?" mama aliuliza.

Baba hakuwahi kueleza neno kwa ufupi. Morte tunaijua, alisema, ni iliyokufa. Ila ville imetoka kwa villa ya Kilatini: nyumba ya shamba, pamoja na watu wake wote. Watu walipozidi, nyumba ikawa mji.

"Basi tuko nyumba moja yenye kufiwa," mama alisema. "Kwetu kule Walungu mutu akikufa, hata jirani hashike jembe. Na wewe utapiga kengele ku kilio?"

Asubuhi baba alivaa koti na tai, akaketi sebuleni. Saa moja na nusu, saa ya kengele, ikapita kimya. Hata teksi hatukuisikia.

Saa tatu afisa akaingia na askari wawili.

"Préfet, uko mugonjwa?"

"Hapana, afande. Tuko na kilio."

"Nani amekufa?"

"Mji."

"Ikala, afande," mama akasema, akimsogezea kiti. "Ku kilio watu hawasimame."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Afisa hakuketi. Alinyoosha mkono, na baba akampa funguo zote za shule, moja moja, akitaja mlango wa kila moja.

Walipoondoka, majirani wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na kiti chake kama desturi ya kilio. "Pole, Préfet." "Pole sana, Préfet." Viti vilipojaa, wengine waliketi juu ya madumu.

"Sasa tufundishe ile Kilatini ya shule," mzee mmoja fundi viatu alisema. "Leo hatuna pa kwenda."

Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza somo.