Hatua Thelathini Mpaka Getini

Kabla hajaenda vitani, mdogo wangu alikuwa mwashi, na mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye kipande cha chuma wanaopimia unyoofu wa ukuta. Alikuwa na tabia ya kufunga jicho moja mbele ya ukuta uliojengwa na mtu mwingine, akautazama kwa huzuni kama daktari anayetazama picha ya mapafu, kisha akaondoka bila kusema neno. Wenzake walimchukia kwa hilo, na kila walipojenga nyumba zao wenyewe walimwita yeye. Mkewe alimpata kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako mwanamke huyo alikuwa muuzaji. Wifi yangu hupenda kusema alimkubali kwa sababu ndiye mteja pekee aliyewahi kurudi dukani na misumari iliyozidi.

Jeshini waliitazama ile mikono yake isiyotetemeka wakampeleka kikosi cha kutegua mabomu ya ardhini. Alikaa huko miaka mitatu. Alirudi na vidole kumi na miguu miwili, kwa hiyo watu walipokuja kumwona walimgeuza huku na huku kama wanaokagua nguo mpya, wakasema, "Mzima kabisa! Hata mkwaruzo!" Naye alijibu kila mmoja kwa adabu kwamba ndiyo, ni mzima.

Kazi ile alinieleza mara moja tu, jikoni, nikiwa namenya viazi. Wanatengeneza njia ya upana wa mita moja, wakaizungushia uzi mweupe kila upande. Mtu anapiga magoti mwanzoni mwa njia, anachoma udongo kwa sindano ndefu ya chuma, kwa mshazari, kila baada ya vidole viwili. Akimaliza kipande anasogea mbele. Ndani ya uzi ni salama, nje ya uzi hakuna anayejua. "Na ukijikuta nje ya uzi?" nilimuuliza. Alisema, "Unasimama. Hugeuki, hurudi nyuma. Unasubiri mwenzako akufuate kwa magoti." Niliuliza inachukua muda gani. "Unasubiri tu, dada," alisema.

Nyumba yetu tuliachiwa na wazazi. Ina vyumba vinne, na mbele yake uwanja wa udongo mtupu. Kutoka kizingitini mpaka getini ni hatua thelathini za mtu mzima, na nje ya geti ni lami mpaka mjini. Ndani ya nyumba Timazi alikuwa baba kama baba wengine. Alimsuka nywele bintiye wa miaka sita, ambaye sote tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, na alirekebisha kila mlango uliokuwa ukilia. Lakini asubuhi alivaa viatu vya kazi, akafika kizingitini, akasimama. Alisimama hapo kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limeondolewa. Baada ya saa moja aliingia ndani, akavua viatu.

Juma la pili, msimamizi wake wa zamani, mzee ambaye mafundi wanamwita Nyapara, alikuja mwenyewe.

"Timazi, mbona umeganda mlangoni kama bango la uchaguzi?"

"Naja, bosi."

"Unakuja lini? Kuta zijijenge?"

Timazi akaonyesha uwanja kwa kidevu. Nyapara aliutazama, akamtazama mke wa Timazi, kisha mimi, akaelewa zaidi ya nilivyotarajia. "Basi sikiliza. Nakuletea saruji, tupige zege hapa mpaka getini, yaishe."

"Huwezi kumwaga zege juu ya ardhi usiyoijua."

"Usiyoijua? Si hapa ulipozaliwa, bwana?"

"Nilipozaliwa sikuikagua."

Nyapara alicheka. Wifi naye alicheka, kicheko cha kukata pumzi. Timazi hakucheka.

Aliyenunua uzi ni mimi. Nafanya kazi masjala, kazi ya kupanga mafaili, na nimezoea kuamini kwamba kila kitu kikiwekewa mstari kitatulia. Nilileta bunda zima la uzi mweupe na spoku ya baiskeli niliyoinoa ncha. Nikamwambia, "Ikague basi." Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeombwa arudi kazini. Jumamosi tatu alipiga magoti uwanjani na ile spoku, kisha akapigilia vigingi na kuvuta uzi pande mbili, umenyooka ajabu, kutoka kizingitini mpaka getini. Jumatatu alivaa viatu, akatembea hatua thelathini kati ya nyuzi mbili, akatoka. Nyumba nzima tulipiga vigelegele.

Ili apate utulivu, nilitoa amri kwamba sote tupite humo. Jirani yetu, fundi cherehani, alisimama kwenye ukuta wake mfupi akatutazama tukitoka mmoja nyuma ya mwingine. "Jamani, mmehamia sarakasi? Ule mwavuli wa kutembelea kambani mtabeba lini?" Wifi akamjibu kwamba tiketi zinauzwa getini. Lakini jioni ile aliniita pembeni, tukianua nguo.

"Mimi nitapita kwenye uzi, wifi. Hata akitaka nipite juu ya paa nitapita. Nimeolewa na yeye, si na miguu yake." Alikunja shuka mpaka likawa dogo kabisa. "Ila huyu mtoto. Siku haya mambo yakimwingia mtoto, mimi namchukua naondoka. Nakwambia wewe mapema, ili siku hiyo usinililie."

Nilimwambia haitafika huko. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Miezi minne ilipita vizuri. Nyapara alimpa kazi za kutoka msingi kwenda juu tu, akiwaambia wengine, "Huyu chini hakumhusu, mwacheni na anga lake." Mshahara uliingia, wifi akarudia mzaha wake, na mimi nikawa nakwenda kazini nikijiona kama niliyegundua dawa. Sikuona kwamba Timazi hakuwa amejifunza kutembea uwanjani. Alikuwa amejifunza kutembea kwenye uzi wangu.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alikwenda dukani kununua sabuni. Chiriku alikuwa akicheza uwanjani, na mwanasesere wake alihitaji nyumba. Aling'oa vigingi, vyote, akavirundika pembeni ya ukuta, akavizungushia uzi kwa ufundi ambao siku nyingine baba yake angeusifu. Timazi aliingia getini akimtazama yeye, si chini, akitabasamu. Alikwisha kupiga kama hatua kumi na mbili alipogundua kwamba pembeni mwake hapakuwa na uzi.

"Baba! Njoo uone nyumba!" Chiriku akamkimbilia, miguu mitupu.

"Simama!"

Sijawahi kusikia sauti ile. Hata mbwa wa jirani alinyamaza. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kufika, na Timazi alimnyakua kutoka chini kama anayeokoa kitu motoni, akampandisha kifuani, akasimama. Miguu pamoja, magoti yamekaza. Pakiti ya sabuni ilianguka karibu na kiatu chake, naye akaitazama ilivyotua na kufumba macho.

Wifi alitoka jikoni na mikono yenye povu. "Baba Chiriku, mshushe mtoto."

"Rudi kizingitini."

"Mshushe, basi. Anaumia."

"Mama Chiriku, nakuomba. Nakuomba kwa Mungu. Usikanyage."

Wifi alikanyaga. Alipiga hatua mbili kumwendea, na Timazi alipiga ukelele, akayumba nyuma bila kusogeza miguu, hata tukaona wazi kwamba hatua ya tatu ingewaangusha wote wawili, yeye na mtoto. Wifi akaganda. Alirudi kizingitini kinyumenyume. Chiriku alikuwa ameanza kulia, "Baba unanibana," na baba yake alikuwa akimjibu kwa upole kabisa, "Vumilia mama, vumilia, watatufuata."

Juu ya ukuta fundi cherehani naye alikuwa amechomoza. "Timazi! Hapo hakuna kitu, ndugu yangu! Mimi si napita hapo kila siku kuja kuomba chumvi?" Timazi hakumsikia, au alimsikia kama mtu asikiavyo redio ya nyumba ya pili.

Ilipita robo saa. Mikono yake ilianza kutetemeka, mikono ile. Mimi nilijua anasubiri nini. Katika nyumba ile nilikuwa mtu pekee aliyejua. Nikaingia ndani nikachukua ile spoku, nikapiga magoti mbele ya kizingiti, nikaanza kuchoma udongo.

Wifi alinishika bega. "Unafanya nini?"

"Nawafuata."

Alinitazama, kisha akaniachia.

Timazi alitulia pale pale. Sauti yake ikawa ya kazini. "Mshazari, dada. Ilaze. Ukiisimamisha tumekwisha. Vidole viwili. Usiruke." Nilichoma. Udongo ulikuwa mkavu, na kila nilipogonga kokoto alisema "Tulia" na mimi, Mungu anisamehe, nilitulia kweli. Nilijua hakuna kitu. Nimecheza uwanja ule tangu naanza kutambaa. Lakini ukishapiga magoti nusu saa ukitafuta kitu, mkono wako hauamini tena kwamba hakipo.

Chiriku alikuwa ameacha kulia. Alinitazama kutoka juu, kidevu kwenye bega la baba yake.

"Shangazi, unatafuta nini?"

"Natafuta njia."

"Kuna kitu chini?"

Nilichoma, nikasogea. Goti langu lilikuwa limechubuka.

"Shangazi. Kipo?"

Nikasema, "Bado sijakiona."

Nilikuwa nimechoka, na Timazi alikuwa anasikiliza. Sikuthubutu kusema neno ambalo lingemfanya asiniamini kabla sijawafikia. Hivyo ndivyo nilivyojitetea baadaye. Lakini wifi alilisikia jibu lile kutoka kizingitini, na nilipogeuka kumtazama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Niliwafikia jua likielekea kushuka. Timazi alinikabidhi mtoto kwa uangalifu, akisubiri mpaka nimemshika vizuri ndipo akaachia, kisha akanifuata nyuma, akiweka kiatu chake juu ya kila alama ya goti langu. Alipofika ndani alikaa kwenye kiti akalala hapo hapo, usingizi wa mtu aliyetendewa haki. Kabla ya kulala alisema, "Asante, dada. Ulipima vizuri."

Asubuhi Chiriku alivaa sare za shule, akabeba mkoba, akafika kizingitini, akasimama.

"Twende," mama yake alisema.

"Shangazi hajapima."

Wifi alicheka kwanza. Aliruka uwanjani kwa miguu miwili, akaruka tena, akazunguka akicheza, amejishika kiuno. "Ona mama! Ona! Kuna nini? Vumbi tu! Haya, njoo turuke." Chiriku akapiga ukelele, na ulikuwa ukelele wa baba yake kabisa, mpaka fundi cherehani alidhani ni Timazi, akaacha kushona.

Wifi aliacha kuruka. Alirudi ndani bila kunitazama, nikasikia kabati likifunguliwa.

Nilimfuata chumbani. Nilimwambia mtoto atasahau, nimpe juma moja, nitakaa naye, nitampeleka kwa daktari, nitawapeleka wote wawili. Alikuwa akikunja magauni madogo madogo.

"Wewe ndiye uliyesoma, wifi. Jana nilikuwa nakusubiri wewe. Useme tu hakuna kitu."

"Nilitaka amshushe mtoto."

"Najua. Ningekuwa na ile spoku labda ningefanya hivyo hivyo." Alifunga zipu ya begi. "Yeye nilishamzoea. Lakini jana mlikuwa wawili. Leo mko watatu."

Nilikwenda kwa Timazi. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu vya kazi, anasikia kila kitu. Nilipiga magoti mbele yake. "Mwambie abaki. Wewe ukisema atabaki, nakujua, namjua. Sema tu."

"Kwa mama mkwe kumesakafiwa?"

"Nini?"

"Uwanja wao. Una zege?"

"Una zege, ndiyo. Lakini Timazi—"

"Mpaka barabarani?"

"Mpaka barabarani."

"Basi waende."

"Ni mkeo! Ni mtoto wako yule!"

"Ndiyo maana, dada," alisema, akanishangaa, kama nimeshindwa kuelewa jambo dogo kabisa.

Aliwasindikiza mpaka kizingitini. Alimwinamia Chiriku akamfunga kamba za viatu, mafundo mawili mawili, akambusu utosi. Kwa wifi alishika mkono wake kwa mikono yake miwili, muda mrefu, na wifi aliuacha. Kisha wifi akatundika begi begani, akambeba mtoto, mkubwa vile, miguu ikining'inia mpaka magotini kwake, akauvuka uwanja. Chiriku alificha uso shingoni mwa mama yake. Timazi alishika fremu ya mlango, midomo ikitembea, anahesabu.

Nje ya geti, wifi alimshusha mtoto. Chiriku alisimama kidogo, akaitazama lami, akaigonga kwa ncha ya kiatu. Akapiga hatua moja. Akapiga nyingine. Walipofika kwenye kona sauti yake ilikuwa imekwisha kurudi, tuliisikia, anamwuliza mama yake mambo kumi kwa pamoja, na alikuwa anaruka kwa mguu mmoja.

"Umeona?" Timazi alisema. Sikuwa nimemsikia na furaha kama ile tangu arudi. "Umeona anavyoruka?"

Nilikuwa nimeona. Yeye akaingia ndani kuvua viatu.